Kijiko Kimoja cha Pilipili, Saa Sita za Mshahara

Leo nimefungua hati ya mshahara nikakuta saa sita hazimo. Ni za ile Jumanne niliyoondoka kazini kabla zamu haijafika nusu. Hapa Columbus, Ohio, saa usiyofanya kazi haina malipo, hata kama waliokuondoa ni wafanyakazi wenzako.

Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee. Wakati wa kula, kijana mmoja alitoa kichupa cha pilipili, wenzake wakawa wanaonja kwa ncha ya kijiti cha meno. Kilipofika kwangu akasema, "Wewe umetoka Afrika, kwako hii ni maji." Nikamimina kijiko kizima kwenye wali, kama nimiminavyo chachandu. Kumbe simu zilikuwa tayari zinanirekodi.

Ulianza ulimi, yakafuata masikio, kisha tumbo likanikata nikakaa chini sakafuni. Walicheka. Aliyekuja ni mama mmoja wa Meksiko anayefanya usafi. Alininyang'anya glasi ya maji, akafungua friji, akanipa maziwa, akanionyesha kwa ishara niyashike mdomoni kwanza. Mimi na yeye maneno tunayoelewana hayafiki thelathini. Alinishika bega mpaka nikaweza kusimama.

Alijua anachofanya. Ukali wa pilipili hauyeyuki kwenye maji, maji yanausambaza tu kinywani. Protini ya maziwa ndiyo inayoubandua.

Kile kichupa kilikuwa cha Carolina Reaper, aina ya pilipili kali mno. Ukali wa pilipili hupimwa kwa kipimo cha Scoville, alichokibuni mfamasia Wilbur Scoville mwaka 1912: pilipili ilichanganywa na maji ya sukari, ikazidi kuzimuliwa hadi waonjaji wasisikie muwasho; kadiri ilivyohitaji kuzimuliwa zaidi, ndivyo namba yake ilivyopanda. Pilipili kichaa yetu iko kati ya 50,000 na 100,000. Mbuzi huanzia 100,000 na kupanda hadi 350,000. Reaper ilipoingia kwenye rekodi za Guinness mwaka 2013 ilikuwa na wastani wa zaidi ya milioni moja na nusu, na mwaka 2023 ikapitwa na Pepper X yenye 2,693,000. Aliyezikuza zote mbili ni mtu mmoja, Ed Currie wa South Carolina. Hakuna bibi yeyote Tanga aliyewahi kuweka kitu cha namna hiyo kwenye achari ya embe.

Kilichoniuma zaidi ni lile neno "umetoka Afrika". Eti uzawa ndio unaostahimili! Nilipompigia mama alishangaa: "Wewe, mwanangu? Si wewe uliyekuwa ukimaliza mihogo ya Ngamiani, hapa Tanga, na pilipili yake yote?" Ndiyo, mama, lakini ni miaka minne sasa nakula pilipili za jalapeño za dukani, ambazo hazizidi 8,000. Mishipa ya ulimi huzoea kwa kula mara kwa mara, na ukiacha, mazoea nayo huondoka. Sijazaliwa nayo. Nilizoezwa jikoni kwa mama, kidogo kidogo, tangu utotoni.

Mnaojiandaa kuja, achari msiiweke kwenye begi la mkononi. Chupa ikizidi mililita 100 wanaitupa pale pale ukaguzini, na nimeshuhudia dada mmoja akilia kwa hilo. Na mtu akikuwekea kitu mezani ili akupime, kikatae. Huna deni la kuwaonyesha ushujaa, na kodi ya nyumba haisubiri.

Jumamosi nilikwenda duka la Wakaribi nikanunua pilipili mbuzi, dola sita ratili. Nyumbani hiyo ni bei ya kapu. Nikazikwangua ule utando mweupe wa ndani, maana ukali umejaa humo kuliko kwenye mbegu, nikatengeneza achari ya ndimu mitungi miwili. Mmoja nimempelekea yule mama. Alionja kwa kidole akafumba macho, kisha akauficha nyuma kabisa ya friji, asiuone yule kijana.