Elisha Hakuomba Hata Chupa Moja

Kisomo: 2 Wafalme 4:1-7

Wapendwa katika Bwana, amani iwe kwenu.

Kisomo hiki tumekizoea kwa ajili ya muujiza wake. Mjane ana chupa moja ya mafuta, anaazima vyombo kwa majirani, anafunga mlango, mafuta yanamiminika mpaka mwanawe anasema hakuna tena chombo. Mahubiri mengi huishia hapo kwa aleluya. Leo naomba tukae kwenye mstari wa 7, kwa ajili ya baba na mama zetu waliomaliza kazi.

Vyombo vimejaa. Mama huyu ana deni, mdai wake alitaka kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa, na sasa ana mali ambayo hajawahi kuishika. Hauzi hata kikombe. Anarudi kwa mtu wa Mungu, nabii Elisha, kumweleza. Alikwenda kuuliza wakati mafuta yote bado yako nyumbani.

Hapa Lubumbashi jambo hilo tunalijua. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, waliacha kazi katika mpango wa kuondoka kwa hiari, uliosaidiwa na Banki ya Dunia, kila mmoja na hesabu yake ya mwisho, yaani malipo ya kumaliza kazi. Wengi walikuwa wamelelewa na kampuni, wengine tangu enzi za baba zao wa Union Minière, kampuni ya Wabelgiji iliyotangulia Gécamines: nyumba ya kampuni, shule ya kampuni, hospitali ya kampuni, na mposho, yaani mgao wa chakula. Unga wa nyumbani ulipimwa na kampuni. Halafu mtu huyo anapewa pesa kwa mara moja, na tangu azaliwe hakuna aliyemwonyesha jinsi ya kuzigawanya zifike miaka ishirini. Ndiyo maana huniuma kusikia vijana wakiwacheka wazee waliomaliza hesabu yao kwa taksi iliyoharibika au kwa duka lililofungwa. Wazee hao walihitaji mtu wa kumwendea kabla ya kuuza mafuta, na sisi kanisa tulipaswa kuwa karibu.

Elisha anampa mama utaratibu: uza, lipa deni, kisha wewe na wanao muishi kwa yanayobaki. Deni linatangulia. Mwenye pensheni ana sababu ya pekee ya kulisikia neno hili. Anapokea faranga, lakini kodi ya nyumba mara nyingi inatajwa kwa dola, na faranga ikishuka analipa zaidi bila kuongezewa kitu. Akiwa tena na deni dukani, anachukua unga wa bukari (ugali) kwa bei anayopewa, maana hana uso wa kwenda kwingine. Aliyemaliza deni anaweza kungoja mwezi wa tano, mahindi yanapotoka mashambani, anunue magunia, ayakaushe vizuri yasiliwe na wadudu, na kusagisha kidogo kidogo. Januari na Februari, wakati wa mvua nyingi, jirani yake atakuwa akinunua kwa kipimo na bei iko juu. Mama zetu wa likelemba, mnaochanga pesa na kupokea kwa zamu, zamu yenu ikiangukia miezi ya mavuno, tafadhali fikirieni gunia kabla ya kitenge.

“Wewe na wanao.” Maneno haya yana mpaka ndani yake. Biblia haituruhusu kuutupa ukoo, na 1 Timotheo 5:8 ni kali kwa asiyewatunza wa nyumbani mwake. Lakini mstari wa 4 wa sura hiyo unawageukia watoto na wajukuu: wajifunze kuwalipa wazazi wao. Basi wewe kijana unayepanda Ruashi au Katuba kwa mzee siku ya pensheni, umwulize kwanza kama dawa ya presha ipo na makala (makaa) ya kupikia yapo, ndipo useme shida yako. Na mzee asione haya kufunga mlango. Elisha mwenyewe aliamuru mlango ufungwe. Majirani waliotoa vyombo hawakuambiwa mafuta ni kiasi gani.

Jambo lingine nalisema kwetu sisi wachungaji. Soma mstari wa 7 mara mbili. Elisha hakuomba chupa hata moja. Mama alikuwa mjane wa mmoja wa wana wa manabii, na mafuta yalitokana na neno la Elisha, lakini yeye hakutaja fungu lake. Mzee akitoa shukrani kwa moyo wake, tuipokee kwa heshima. Kumwita mbele kwa sababu tumesikia amepokea hesabu ya mwisho, tukamtajia kiasi, ni kula mkate wa uzee wake.

Jumapili hii, baada ya ibada, ndugu waliowahi kufuatilia faili zao za pensheni CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, watabaki kusaidia wenzao wanaokaribia miaka 60. Njooni na vyeti vya kazi na karatasi za mshahara, hata zilizochakaa. Mume na mke waje pamoja, na deni za nyumbani ziandikwe kwenye karatasi kabla ya kuja.