Namba za Kwenye Boksi

Ukipita katika maduka ya simu ya Mwanga, hapa Kigoma mjini, utagundua kwamba siku hizi simu hainadiwi kwa jina lake wala kwa uimara wake, inanadiwa kwa namba. Muuzaji anakutajia kamera ya megapikseli 108, betri ya 5,000, RAM ya 8 jumlisha 8 na chaja ya wati 33, kisha ananyamaza kidogo ili upate nafasi ya kustaajabu. Mteja, ambaye pengine ameshuka kutoka Kasulu au Uvinza asubuhi ile ile akiwa na fedha za maharage, anazirudia namba hizo kwa sauti ya chini, halafu anauliza kama hakuna yenye kubwa zaidi.

Sina ugomvi na wauzaji hao. Wengi ni vijana wanaotafuta riziki, na wanachokisema ni kile walichoandikiwa na kampuni. Ugomvi wangu ni na namba zenyewe, kwa sababu nyingi kati yake ni za kweli, na uongo mtupu ungekuwa rahisi zaidi kuukamata. Zimepimwa mahali pasipofanana na hapa kwetu, au zinajibu swali ambalo mnunuzi hakuliuliza na wala hatakuja kuliuliza.

Tuanze na kamera, maana ndiyo inayotangulizwa. Simu inayotangazwa kuwa na megapikseli 108, yaani nukta milioni 108 za picha, kwa kawaida haikupi picha ya megapikseli 108. Programu yake huunganisha nukta tisa tisa kuwa moja, na picha inayohifadhiwa hubaki na megapikseli 12. Ile ya 50 huunganisha nukta nne nne na kukupa 12 na nusu. Sababu ni kwamba kipande kinachopokea mwanga nyuma ya lenzi ni kidogo sana, na ukikigawa katika nukta milioni 108, kila nukta hupata mwanga kiduchu mno, hasa jioni au ndani ya nyumba. Kuziunganisha ni ufumbuzi mzuri wa kihandisi, na sikatai kwamba picha za leo ni bora kuliko za miaka kumi iliyopita. Lakini picha hiyo inakwenda wapi? Inakwenda kwenye kundi la WhatsApp la familia au la kamati ya harusi, ambako inabanwa mpaka ikabaki na takribani megapikseli 2, isipokuwa mtumaji achague mwenyewe ubora wa juu, jambo ambalo mwenye bando la kupimapima hawezi kulifanya kila siku. Mpokeaji naye anaifungua kwenye kioo cha nukta 720 kwa 1,600, yaani milioni moja na kidogo tu. Hata televisheni ya Full HD ambayo watu huiita kubwa ina nukta milioni mbili. Sitaki hata kuzigusa zile lenzi za ziada ambazo katika simu nyingi za bei ya chini ni za megapikseli 2, na ambazo kazi yake kubwa ni kuufanya mgongo wa simu uwe na macho matatu.

Pawabenki ndiyo inayoniudhi zaidi, kwa kuwa huku kwetu hainunuliwi kwa mapambo. Mkoa huu kwa miaka mingi uliendeshwa kwa jenereta za dizeli kabla haujaanza kuunganishwa na Gridi ya Taifa, na watu wake wamejifunza kutouamini umeme kupita kiasi. Tena viko vijiji vingi vya mwambao wa ziwa ambako simu huchajiwa kwa sola au kwa kupelekwa dukani. Mtu anayenunua pawabenki hapa anaihitaji kweli. Sasa, hata ile iliyotengenezwa kwa uaminifu, yenye 20,000 mAh (kipimo cha chaji inayobebwa na betri), haikupi 20,000. Namba hiyo imehesabiwa kwa volti 3.7 za seli zilizomo ndani, lakini waya wa chaja hutoa volti 5, na ubadilishaji huo peke yake unaishusha hadi 14,800. Sehemu nyingine inapotea kama joto ambalo unalisikia mkononi. Kwa simu yenye betri ya 5,000, mnunuzi anayegawanya kwa kichwa anatarajia kuichaji mara nne, lakini atapata mara tatu hivi. Kampuni zenye adabu huandika uwezo halisi ubavuni au nyuma ya kifaa, kwa maandishi ambayo mtu wa umri wangu anahitaji miwani ili ayasome.

Hiyo ni ile ya uaminifu. Ile nyingine niliiona ikifunguliwa. Yupo fundi simu pale Mwanga ambaye huwa nakaa kwenye benchi lake kupiga soga, na siku moja mama mmoja muuza dagaa kutoka mwalo wa Kibirizi alimletea pawabenki iliyoandikwa 50,000 kwa herufi za dhahabu, akilalamika kwamba haimalizi hata simu moja. Fundi alipitisha wembe kwenye ungio la plastiki, akaizungusha polepole mpaka kifuniko kikaachia. Ndani mlikuwa na seli za duara zilizopangwa mstari, zote zimevikwa plastiki ya buluu na zote zinafanana, ila ni mbili tu zilizokuwa zimeunganishwa kwa waya. Akaichomoa mojawapo ya zile zisizo na waya, akaichana kwa koleo, na mchanga mkavu ukamwagika juu ya gazeti.

“Mama, mchanga kama huu si mnao bure kule Kibirizi?” akamwambia.

“Basi nirudishie huo, mwanangu,” yule mama akajibu bila kucheka, “maana nimeshaulipia.”

Kuna njia ya kujikinga ambayo haihitaji wembe. Seli nzuri ya aina hiyo ya duara hubeba kama 3,500 mAh kwa kiwango cha juu, nayo ina uzito wa karibu gramu 50. Anayekuuzia 50,000 anadai kwamba ndani mna seli zisizopungua kumi na tano, yaani kama gramu 750 kabla hujahesabu plastiki na vikorokoro vingine. Ikiwa kifaa kinaingia kwenye mfuko wa shati na shati halivutiki, huna haja ya kusoma kilichoandikwa. Bila shaka mchanga nao una uzito, na ndiyo maana umewekwa mle, lakini watengenezaji hao ni wavivu na mara chache hujaza wa kutosha.

Mwezi Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilizima simu bandia nchi nzima kwa kutumia namba za IMEI, yaani za utambulisho wa kila simu, zile zinazotokea ukibonyeza *#06#. Ilikuwa hatua kubwa na wengi waliamka simu zao hazina mtandao. Pawabenki haina IMEI. Chaja haina, taa ya sola haina, na spika iliyoandikwa wati elfu moja huku ikila umeme wa kijichaja cha simu nayo haina.

Nikitaja sola, paneli ya wati 100 hutoa wati 100 maabara, pale ambapo mwanga ni wa wati 1,000 kwa mita ya mraba na paneli yenyewe ina nyuzi joto 25. Iweke juu ya bati saa saba mchana, itafika nyuzi 50 au 60, na kila nyuzi inayozidi 25 inakata kipande kidogo cha uwezo wake, kwa hiyo ukipata 80 umshukuru Mungu. Mafundi wa sola wanalijua hili na hufunga paneli kwa kuacha nafasi ya hewa chini yake, tangazo halilisemi. Ile RAM (kumbukumbu ambayo simu huitumia ikiwa kazini) ya “8 jumlisha 8” nayo ni hivyo hivyo: nane za pili ni sehemu ya hifadhi ya kawaida iliyoazimwa, ambayo ni ya polepole mno kuliko RAM yenyewe, na aliyelipia kumi na sita ana nane. Na simu “isiyoingia maji”, ambayo kwetu watu wa ziwani inavutia kweli, kwa kawaida imejaribiwa ikiwa mpya, ndani ya maji safi yaliyotulia, katika kina cha mita moja na nusu hivi kwa dakika 30. Ziwa Tanganyika likichafuka halitulii, simu iliyokwisha kubadilishwa kioo ile gundi ya kuzuia maji haipo tena, na dhamana za kampuni nyingi husema wazi kwamba uharibifu wa maji haumo.

Kuna jambo jingine lisilo na namba, nalo ni huo ujanja wenyewe wa simu janja. Panda boti Kibirizi uelekee Kagunga, kijiji cha mwisho kabla ya Burundi. Ukikaribia mpaka, simu hunasa mnara wa ng'ambo na, kwa kuwa imepangwa kujirekebisha yenyewe, inarudisha saa nyuma kwa saa nzima, maana Burundi wako nyuma yetu kwa saa moja. Mgeni anaamka akiwa na uhakika kwamba bado ana muda wa kunywa chai, huku boti ya kurudi inang'oa nanga. Kiswaswadu (simu ya vitufe) ambacho saa yake iliwekwa kwa mkono hakina habari na mnara wowote. Wasafiri wazoefu huzima mpangilio huo mapema, na huzima pia data, kwa sababu vocha inayoliwa na mtandao wa jirani hairudi.

Ndiyo maana naisikiliza kwa tahadhari hii nadi mpya ya simu zenye akili mnemba. Sehemu kubwa ya akili hiyo haimo ndani ya simu, imo kwenye kompyuta za mtu mwingine, mbali sana, na njia ya kuifikia ni waya. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM, inayotuletea intaneti, ilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika vibaya. Siku zile simu ya milioni mbili na simu ya laki mbili zilikuwa na akili sawasawa. Na si lazima waya ukatike. Mwaka huo huo kampuni ya Humane ya Marekani ilianza kuuza kifaa cha akili mnemba cha kubana kifuani, kilichotangazwa kuwa kitaanza kutuondolea simu mkononi, kwa dola 699 pamoja na ada ya dola 24 kila mwezi. Februari 2025 kampuni ya HP ilinunua sehemu kubwa ya mali zake kwa dola milioni 116, na ilipofika tarehe 28 ya mwezi huo vifaa vikazimiwa huduma. Waliovinunua walibaki na mapambo ya kifuani, na huko ni Marekani, ambako mtu ana pa kwenda kulalamika.

Mtu akiniambia kwamba ninaichukia teknolojia, namwomba atembee hadi mwalo wa Katonga alfajiri. Wavuvi wa dagaa hapa huvua usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, kwa kuwavuta samaki kwa taa, na kwa miongo mingi taa hizo zilikuwa karabai za mafuta ya taa, ambazo wimbi likipiga utambi unakatika na kioo kikilowa kinapasuka. Taa za LED zinazotumia betri ziliingia bila mabango na bila mtu maarufu kuzishika mkononi akitabasamu. Mvuvi alihesabu mafuta yaliyokuwa yakiungua kwa usiku mmoja, akayalinganisha na gharama ya kuchaji betri, na alipobaki na shaka alitazama mtumbwi wa jirani umerudi na nini. Hakuuliza wati. Pesa za simu nazo ziliingia hivyo hivyo: M-Pesa ilifika Tanzania mwaka 2008, ikafanya kazi kwenye simu ya vitufe kwa *150*00#, bila bando, na leo muuza migebuka wa Ujiji analipwa na mteja aliyeko Dodoma kabla samaki hawajapakiwa. Tozo za mwaka 2021 zilitufanya tuanze kuihesabu upya kila senti, lakini hilo lilikuwa suala la Serikali na mfuko wake.

Yule mvuvi alikuwa na kipimo chake mwenyewe. Mnunuzi wa simu hana, anatumia cha muuzaji, ingawa vipimo vyenye manufaa vipo. Tangu Juni 2025 Umoja wa Ulaya unazitaka simu zinazouzwa kwake ziwe na betri inayobaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa mara 800, vipuri vipatikane kwa miaka saba tangu simu iache kuuzwa, na masasisho ya programu yaendelee kwa miaka mitano. Baadhi ya kampuni zinazouza huko ndizo zinazouza hapa, nami ningelipa zaidi kwa simu yenye namba hizo kuliko kwa lenzi ya nne. Kwenye boksi za Mwanga sijaziona. Nilipomuuliza muuzaji mmoja, ambaye alikuwa amekwisha kunitajia megapikseli zote, betri ya simu ile itapatikana wapi ikichoka, alifikiri kidogo akasema, “Hiyo tutaagiza Kariakoo, mzee, inakuja na basi. Ila kama itakuwa orijino, hapo siwezi kukudanganya.”