Uji mwepesi, titi, na mstari uliolala kwenye kadi

Jumatano, usiku

Siku ya kupima uzito ikiisha, kinachobaki kichwani ni ile mistari. Kwenye kadi ya kliniki mstari wa mtoto unapanda vizuri hadi miezi mitano au sita, kisha unalala. Mwezi wa saba umelala, wa nane umelala. Mtoto anacheza, hana homa, lakini hapandi. Ukiuliza kidogo utakuta mara nyingi mstari ulianza kulala mwezi ule ule alioanzishiwa uji.

Nyumbani ushauri unaokuja haraka ni wa aina mbili: "Maziwa yako yamekuwa maji, mwachishe," au "Mwongeze uji." Wanaosema hivyo ni bibi na mashangazi wanaompenda mtoto kwa dhati, na ndiyo maana mama anashindwa kuwakatalia. Ila ushauri wote huo unamrudisha mtoto nyuma, na sababu yake ni hesabu.

Mililita 100 za maziwa ya mama zina kalori kama 65 hadi 70. Uji wa kijiko kimoja cha unga kwa kikombe kizima cha maji, ule unaopita kwenye chuchu ya chupa, haufiki kalori 20 kwa kipimo hicho hicho. Sasa tumbo la mtoto linabeba takriban gramu 30 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo mwenye kilo 7 akishafika mililita 200 amejaa. Akijazwa uji ule amepata kalori chini ya 40 mahali ambapo titi lingempa 130. Ameshiba kweli, na atalala. Akiletewa titi analikataa. Na titi lisilonyonywa halitengenezi maziwa mengi, kwa hiyo wiki chache baadaye mama anaposema maziwa yamepungua, anasema kweli. Ila kilichoyapunguza ni uji.

Kwa hiyo tunaanza na titi, kisha sufuria. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 anayenyonya vizuri anahitaji kalori kama 200 tu kwa siku kutoka kwenye chakula, na wa miezi 9 hadi 11 kama 300. Zinazobaki, ambazo ni nusu au zaidi, zinatoka kwenye titi. Kwa mtoto asiyepanda tunataka anyonye mara nane au zaidi kwa saa 24, usiku ukiwemo, kwa sababu homoni inayotengeneza maziwa hupanda zaidi usiku. Hadi miezi 8 napendelea titi litangulie, chakula kifuate baada ya nusu saa au saa moja. Akishatimiza miezi 9 chakula kinaweza kutangulia mara moja moja, hasa mchana.

Tazama pia anavyonyonya. Mdomo uwe wazi sana, kidevu kiguse titi, na sehemu kubwa ya weusi unaozunguka chuchu iwe ndani. Usikie akimeza. Akianza kuchezea chuchu bila kumeza, mama aliminye titi taratibu kwa kiganja na kuliachia, kumeza kutarudi. Likilainika, hamia la pili. Kuhamisha kila dakika tano kwa kutazama saa kunampa maziwa ya mwanzo tu pande zote mbili, na mafuta mengi yako kwenye yale ya mwisho.

Sasa uji. Uliopikwa vizuri hauanguki kijikoni kwa haraka. Unajikusanya, unaning'inia kidogo, kisha unadondoka bonge. Kwa kikombe cha maji cha mililita 200 weka vijiko vitatu vya chakula vya unga, vilivyosawazishwa kwa kisu, na uupike uive. Ukiuepua, tia kijiko kimoja cha chakula cha karanga zilizokaangwa na kusagwa laini, na kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kula. Hapo kikombe kina kalori kama 240. Nusu yake mara mbili kwa siku imeshatimiza zile 200 za mtoto wa miezi saba, na tumbo limebaki na nafasi ya titi. Ukanda wa pwani tui zito linafanya kazi ya mafuta vizuri kabisa, ila liwe la kwanza; tui la pili ni maji zaidi. Asiyezoea aanze na vijiko viwili vitatu, kipimo kipande siku hadi siku.

Mtoto akiukataa kwa uzito, usiongeze maji. Kamua maziwa yako kidogo uchanganye uji ukishapoa: maziwa yana vimeng'enya vinavyolainisha wanga, na kalori hazipungui. Au tumia kimea. Loweka ulezi usiku kucha, umwage maji, ufunike kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili au tatu hadi uchipue, anika ukauke kabisa, sugua machipukizi yatoke, saga. (Mtama nauepuka kwa kazi hii, kwa kuwa machipukizi yake yana sumu ya sianidi.) Uji mzito ukipoa hadi uvuguvugu, tia nusu kijiko cha chai cha kimea na ukoroge. Ndani ya dakika chache utaona mwiko unaanza kuteleza, kana kwamba mtu ameongeza maji. Kisha uchemshe tena mara moja kuua vijidudu vya kwenye kimea. Ukikitia uji unapotokota hakifanyi kitu, maana moto umeshaua vimeng'enya.

Ule unga wa lishe wa nafaka saba na karanga na soya vikisagwa pamoja unanitia wasiwasi. Karanga zikikaa wiki kadhaa ndani ya unga huchacha, soya isiyochemshwa au kukaangwa inazuia protini isimeng'enywe, na punje moja yenye ukungu inachafua mfuko mzima. Sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu, ni jambo zito: mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Nafaka moja au mbili safi zinatosha, na karanga uzichambue kwa mkono, uzitie wakati wa kupika.

Kuanzia miezi sita akiba ya chuma aliyozaliwa nayo inakwisha, na uji hauirudishi. Wala supu ya mifupa hairudishi, kwa sababu chuma kimebaki kwenye nyama aliyokula baba. Mpe nyama yenyewe, iliyotwangwa. Maini vijiko viwili mara moja au mbili kwa wiki, yai zima lililoiva, au dagaa walioshwa kwa maji moto hadi mchanga uishe, wakaanikwa tena na kusagwa. Chai hapana, hata ya maziwa, inazuia chuma.

Kumlaza chali, kumziba pua na kumimina uji kunampeleka kwenye nimonia kwa sababu unaingia kwenye mapafu. Pia kunamfundisha kuogopa kijiko. Mketishe, mtazame, ngoja afungue mdomo. Akigeuza uso mara tatu, amemaliza.

Kwa anayefanya kazi ya ajira Tanzania: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Wengi hawaziombi.

Kabla ya kuusoma mstari, hakikisha mizani imeanzia sifuri na mtoto hana nguo. Kati ya miezi 9 na 12 mtoto huongeza kama gramu 250 kwa mwezi. Pampasi iliyojaa na sweta vinaweza kuzidi hapo, na mwezi mzima ukasomeka uongo. Aliyezaliwa njiti hesabu umri wake tangu tarehe aliyotarajiwa. Na mtoto mdogo ambaye mstari wake unapanda sambamba na ule uliochapwa hana tatizo, muache.

Akiugua, mwongeze mlo mmoja kila siku kwa wiki mbili baada ya kupona. Ila kuna ambao chakula peke yake hakitawapandisha: anayetoka jasho akinyonya, aliyepauka viganja, mwenye kikohozi kisichoisha, au ambaye hajapanda mara mbili mfululizo. Hao wapelekwe kituoni wapimwe damu, mkojo, moyo, TB na VVU. Utepe wa kupima mzunguko wa mkono wa juu ukisoma chini ya sentimita 12.5 usisubiri tarehe ya kliniki; chini ya 11.5, au miguu ikivimba, nenda siku hiyo hiyo. Wengine warudi baada ya wiki nne, kwenye mizani ile ile.