Neno "urembo" katika barua ya bima

Barua iliyokataa dai letu ilikuwa na aya mbili tu, na neno lililoamua yote lilikuwa moja: urembo. Binti yangu alizaliwa na mpasuko wa mdomo na kaakaa. Mdomo ulishonwa kabla hajatimiza miezi 6, kaakaa likazibwa alipokaribia mwaka mmoja, na mara zote mbili bima ililipa bila maswali. Alipofika miaka 9, daktari alitaka kuziba pengo lililobaki kwenye ufizi kwa kupandikiza mfupa kidogo uliochukuliwa nyongani. Hapo ndipo tulipoambiwa kwamba shughuli hiyo ni ya kupendezesha meno.

Nilirudi kwa daktari nikiwa na hasira, naye akanieleza kwa utulivu jambo ambalo aliyeandika barua ile hakulijua au hakulijali. Jino la chonge la kudumu huota likipitia mahali palepale penye pengo, na lisipokuta mfupa halina pa kushika. Ndiyo maana upandikizaji hufanywa kabla halijashuka, mara nyingi kati ya miaka 8 na 11, baada ya kupanua taya la juu kwa vifaa vya meno. Kwa hiyo vifaa hivyo ni sehemu ya matibabu yenyewe. Lakini bima ya matibabu husema hayo ni mambo ya meno, nayo bima ya meno, ambayo kikomo chake cha mwaka kwa kawaida ni kidogo, husema upasuaji wa hospitalini hauihusu, na mtoto hubaki katikati.

Naamini tatizo lina mzizi mmoja: mikataba mingi huuona mpasuko kama jeraha, ambalo likishashonwa limekwisha, ilhali matibabu yake hufuata ukuaji wa mtoto. Misuli ya kaakaa ndiyo inayofungua mrija unaounganisha koo na sikio la kati, na kaakaa lililopasuka haliufungui vizuri, hivyo maji hujikusanya sikioni na usikivu hupungua. Hewa ikivujia puani, sauti kama "p" na "b" hazitoki sawasawa, na mtoto huhitaji mtaalamu wa usemi kwa miaka kadhaa. Mkataba wetu ulilipia mazoezi ya usemi kwa mtu anayerejeshewa uwezo alioupoteza. Binti yangu, ambaye uwezo huo hajawahi kuwa nao, akahesabiwa kwamba hajapoteza kitu! Hadi leo sijapata mtu wa kunitetea mantiki hiyo bila kuona haya.

Tulikata rufaa, nayo ya kwanza ikashindwa kwa sababu niliandika kama mzazi mwenye uchungu. Kwa ya pili nilisoma mkataba mzima, nikagundua kwamba kifungu kilekile kinachokataza upasuaji wa urembo kinaruhusu urekebishaji wa kasoro za kuzaliwa. Daktari wa upasuaji na yule wa meno wakaandika barua moja ya pamoja, wakaambatanisha picha za eksirei, wakataja kazi za kutafuna na kutamka, na wakaeleza kwa nini kuchelewa kungeharibu matokeo. Neno tabasamu halikuonekana popote katika barua hiyo, nami ndiye niliyeomba liachwe. Mfupa ukalipiwa, vifaa vya kupanua taya tukalipa wenyewe.

Wazazi ambao mpasuko umeonekana mapema kwenye picha ya altrasaundi wana nafasi ambayo sisi hatukuipata, ya kuuliza kabla ya kujifungua kama mkataba unawatenga waliozaliwa na kasoro, kama kuna kipindi cha kusubiri, na mtoto mchanga aandikishwe ndani ya siku ngapi. Majibu waombe kwa maandishi.

Daktari amekwisha kututajia kwamba taya la juu huenda likahitaji kusogezwa mbele binti yetu akimaliza kukua. Barua ile ya pamoja nimeihifadhi, pamoja na nakala ya kifungu chenyewe.