Wenye muda ni nyie

Tangu Jumapili maneno haya yananizunguka: jikoni, kwenye daladala, hata katikati ya kikao. Shemeji alipita kutusalimu akitokea kanisani, akakaa kile kiti kinachotazamana na tangi letu la samaki wa baharini, soda mkononi. Taa za tangi ndo zilikuwa zimezimika. Mnyoo mmoja akatoka chini ya jiwe, urefu wa kidole, rangi ya waridi iliyopauka, kila pingili na kishungi cha nywele nyeupe ubavuni.

"Shemeji, hiki nini tena?"

"Mnyoo wa baharini. Alikuja na lile jiwe tulilopewa Dar."

"Ukiona minyoo ujue kuna kitu kimeoza."

"Hapana shemeji, hao ndo wanakula kinachotaka kuoza."

Akanywa soda, akalitazama tangi, kisha akanitazama mimi. "Sawa shemeji. Wenye muda ni nyie."

Mzee, mume wangu, akacheka. Mnaoijua nyumba yetu mnajua maneno hayo yanaangukia wapi.

Wiki hiihii ofisi yetu imehamia Mtumba na sendofu ya mdogo wangu imepita salama, lakini kichwani mwangu kuna kile kiti, ile soda na kile kicheko cha Mzee.

Muda! Bahari iko mbali na hapa, na mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu yake. Hewa ya Dodoma ni kavu, maji ya tangi yanapungua kila siku huku chumvi yote ikibaki humo humo. Kwa hiyo kila asubuhi kabla ya chai naongeza maji yasiyo na chumvi yaliyochujwa, maana ya bomba yana madini mengi, kisha napima chumvi irudi kwenye gramu 35 kwa lita. Mtu akiacha, samaki wanaumia. Nani mwingine angefanya?

Na hiyo minyoo siilei kama Shemeji anavyodhani. Ikizidi, maana yake chakula kinazidi, basi napunguza chakula na kuvuta uchafu wa chini kwa mpira. Usiku naweka kachupa ka plastiki kenye matundu, ndani kipande cha nyama ya kamba. Asubuhi nakatoa na walioingia. Simkati mnyoo hata siku moja, maana wapo ambao ukiwakata vipande, kila kipande kinaota mnyoo mzima. Wala siwashiki kwa mkono mtupu: zile nywele hukatikia kwenye ngozi na kuwasha kama upupu, na dawa yake ya kwanza ni kubandika selotepu na kuzing'oa taratibu. Nilihakikisha pia kwamba si yule mnyoo mwindaji mwenye mataya, anayejificha mchangani na anaweza kupita urefu wa mita moja. Huyo ningemtoa siku hiyohiyo. Hawa wangu ni wasafishaji. Haya yote Jumapili yalikuwa kwenye ulimi, sikuyasema.

Alhamisi usiku ikawa zamu ya Ndimu, yule samaki wetu mdogo wa manjano. Tangu Jumanne alikuwa hali, anahema haraka, amejibanza nyuma ya jiwe nisikoweza kufika bila kubomoa kila kitu. Saa saba usiku nikawasha tochi niliyoifunika nailoni nyekundu, maana mwanga mweupe unawakimbiza minyoo. Walikuwa sita au saba, wamemzunguka, nywele zimewasimama. Ndimu alikuwa amekwisha.

Sikulia mara moja. Nililia niliposikia kandambili za Mzee nyuma yangu.

"Wamemuua wao?"

"Hapana. Alikuwa anaumwa."

Akachukua ile tochi mkononi mwangu, akavuta kigoda, akakaa. Akauliza wanasikiaje harufu, akauliza kama wana macho, akauliza watamaliza saa ngapi. Nikamjibu kimoja kimoja. Alikuwa na kazi saa moja na nusu asubuhi, na hakuinuka mpaka nilipoinuka mimi.

Ijumaa nikapima amonia, ile sumu inayotoka kwenye kitu kinachooza majini. Kile kichupa cha kipimo kikabaki njano safi, yaani hakuna. Maji hayakunuka, na wale wengine wawili walikula vizuri. Mzee alikitazama kile kichupa juani, akampigia mdogo wake simu, wakaongea mambo ya kiwanja, halafu nikamsikia anasema, "Na ile minyoo ya shemeji yako, uje siku moja usiku uione inavyofanya kazi." Sijui Shemeji alijibu nini. Sijauliza.

Baba naye amepiga simu leo kutoka Hombolo. Zabibu zimeiva, mnunuzi aliyeahidi kuja Jumatano hajatokea na simu yake haipatikani. Zile za mstari wa juu zimeanza kupasuka. Nimeshampigia kila ninayemfahamu mwenye gari, na kesho ni Jumapili.