Siku moja juu ya paa la vigae, Dodoma

Saa 1 asubuhi. Agosti ya Dodoma ina baridi, na upepo umeshaamka. Nyumba ni ya zamani, maeneo ya Uzunguni, paa la vigae vya udongo. "Mbukwenyi, mama," namsalimu mwenye nyumba. Ananionyesha doa kwenye silingi. "Ni kigae kimoja tu hicho, fundi. Badilisha." Namwomba bei tuiongee nikishashuka. Maji huingia mahali pamoja, yakafuata mbao, yakadondokea kwingine kabisa.

Saa 2. Nakanyaga ncha ya chini ya kila kigae, pale kinapolalia mwenzake na papi, mbao nyembamba inayobeba vigae, iko chini. Katikati hakuna kinachokishikilia; ukikanyaga hapo umevunja. Nagonga kwa kifundo cha kidole: kigae kizima hulia, chenye ufa hutoa sauti butu.

Saa 3. Hapa ndipo kazi inapogeuka. Ufa aliutibu mtu kwa kuupaka simenti, nayo imekigandisha kigae kwa majirani zake. Kukitoa kimoja kunavunja viwili vizima. Jamani mafundi wenzangu, tuache hii tabia! Chini yake papi inaonekana nzima, lakini nikibonyeza, kidole kinazama. Mchwa wamepanda ndani ya ufa wa ukuta, wakala moyo wa mbao na kuacha ganda. Upande wote huo unashikiliwa na uzito wa vigae vyenyewe.

Saa 5. Nasikia mvumo karibu na kofia ya paa. Nyuki. Wote tunashuka, watoto wanaingizwa ndani, mbuzi anafunguliwa na kupelekwa mbali. Mama anataka tupulize dawa. Nakataa: wakifa mle ndani, masega hubaki bila wa kuyatunza, asali inavuja hadi silingi na kuita sisimizi. Nampigia mfugaji nyuki, mtu wa Manyoni. Atakuja jioni, wakati nyuki wote wamerudi na wametulia.

Saa 7. Ugali wa uwele na mlenda. Nashukuru sana, maana vigae sasa havigusiki kwa joto.

Saa 8. Vigae vipya nilivyopata mjini ni vipana kidogo kuliko vya zamani, havikai. Sivilazimishi. Jiko la uani lina vigae vilevile. Tutavihamishia nyumba kubwa, jiko lipigwe bati. Mama anasita, kisha anakubali.

Saa 10. Upepo unataka kuondoka na turubai. Tunalifunga kwa kamba kwenye kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba paa. Mawe juu ya paa sitaki, yanaweza kuporomoka yakamwangukia mtu.

Saa 12 jioni mfugaji nyuki amefika na bomba lake la kuwafukizia nyuki moshi. Mimi na mama tumekubaliana bei mpya, na mvua bado ni mpaka Desemba au karibu na hapo. Kesho nanunua papi. Nitazipaka dawa ya mchwa pande zote, na tena kwenye kila ncha nitakayokata, kwa sababu mbao ya ndani isiyo na dawa ndiyo mchwa wanayoanzia.