Niliambiwa niue fisi maji, nikachambua mavi yake kwanza

Ukivua samaki aina ya trauti kwenye mito inayoshuka kutoka milima ya Nyandarua, lazima umeshaambiwa kwamba samaki wamekwisha kwa sababu ya fisi maji, yule mnyama wa mtoni anayeitwa "otter" kwa Kiingereza. Mimi nimeambiwa na wazee, nikaambiwa na vijana, na kila mtu alikuja na dawa yake. Mmoja alitaka nitege waya. Mwingine, tena mtu mzima mwenye wajukuu, alinishauri nipake sumu ya shambani kwenye matumbo ya samaki niyaache juu ya jiwe usiku. Huyo nilimkatalia palepale. Matumbo yenye sumu hayachagui wa kuyala. Ataanza mbwa wa jirani, afuate ndege korongo, kisha mvua ikinyesha sumu iingie kwenye maji ambayo watu wa chini wanachota kupikia. Na sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 haimpi mtu yeyote ruhusa ya kufanya hivyo.

Ninavua Gura, chini ya msitu, upande wa Othaya. Huu ndio mto ambako trauti wa kahawia walitiwa mwaka wa 1905, wakiwa wameletwa kutoka Loch Leven kule Uskoti na mlowezi Ewart Grogan. Kwa hiyo samaki tunayemlilia ni mgeni, naye mwenyewe ni mwindaji anayemeza wadudu, kaa wadogo na hata watoto wake. Fisi maji alikuwa hapa zamani, kabla trauti hajajulikana. Wenzangu huudhika nikisema hivyo, lakini ndivyo ilivyo.

Waya zilitegwa bila mimi. Waliziweka kwenye kijia kinachotoka mtoni kupanda ukingo, mahali nyasi zimelala. Kwanza akanaswa nguchiro. Halafu akanaswa mbwa wa kijana anayechunga ng'ombe, mguu ukakatika ngozi mpaka mfupa ukaonekana, na mwenye mbwa akaja na panga kutafuta aliyetega. Fisi maji hakunaswa hata mmoja, na samaki hawakuongezeka. Bado mzee mmoja aliniambia, "Kijana wangu, tutaongeza waya." Hapo ndipo nilipoamua kumwonyesha kwa macho yake.

Fisi maji ana tabia moja nzuri kwa mtafiti asiye na vifaa: huenda haja mahali palepale, juu ya jiwe pana au ukingoni karibu na maji, mpaka panakuwa rundo. Usichanganye na mavi ya nguchiro wa maji, ambayo mara nyingi yana manyoya ya panya. Tazama pia nyayo kwenye matope. Nguchiro na mbwa huacha alama za kucha. Huyu fisi maji wetu hana kucha mkono wa mbele, ana vidole vitano vinavyofanana na vya mtoto, na navyo hupapasa chini ya mawe akitafuta chakula asichokiona.

Nikaanza kuokota. Kila nilipokwenda kuvua nilipita kwenye yale mawe na mfuko wa plastiki, nikaandika kwenye karatasi ni jiwe gani na ni msimu gani, wa mvua au wa kiangazi. Nyumbani niliyaloweka kwenye ndoo yenye maji na sabuni ya unga, nikayaacha yalale, asubuhi nikayamimina kwenye chujio kuukuu na kuyasuuza mpaka harufu ikapungua. Vilivyobaki nikavianika juani juu ya gunia jeupe. Kazi hii ifanye mbali na nyumba, upande ambao upepo hauleti harufu jikoni, la sivyo hutaruhusiwa kuirudia.

Nilipomaliza nilikuwa na gunia zima lililotapakaa magamba ya kaa! Vipande vyekundu, vipande vyeupe, ncha za makucha ya kaa, vikombe vya migongo. Mifupa ya samaki ilikuwemo, sitaificha, na niliitenga kwenye kona yake ili kila mtu aione. Ilikuwa kidogo sana ukiilinganisha na kaa. Nikamwita yule mzee na wenzake, nikawapa chai, kisha nikawaambia wachambue wenyewe kwa vijiti. Mzee aliinama pale kwa muda mrefu. Akaokota ukucha wa kaa, akaugeuza, akauliza, "Na hivi vyote vimetoka kwa fisi maji?" Nikamwambia, baba, twende ukaokote mwenyewe. Akaenda, akaokota, na matokeo yakawa yaleyale. Nasema kwa fahari kwamba ni yeye aliyekwenda kung'oa zile waya.

Lakini samaki wangu walioibwa je? Ndiyo, waliibwa. Watu hufunga trauti kwa kamba kwenye mdomo na kuwaacha majini wakae baridi, kisha wanashangaa kukuta vichwa. Hiyo ni meza iliyoandaliwa. Mimi hutumia kiondo cha mkonge. Ninakiloweka kabisa mtoni, natandika majani mabichi ndani, naweka samaki waliokwisha kupasuliwa, nafunika, halafu natundika kwenye tawi lenye kivuli na upepo. Maji yanapokauka kwenye mkonge hupoza kilichomo, nawe unakilowesha tena kikianza kukauka. Bei ya kiondo ni ya kawaida tu sokoni, na kimoja hudumu miaka. Matumbo nayafukia mbali na maji. Tangu nianze hivyo sijapoteza samaki hata mmoja kwa mnyama.

Ukimwona fisi maji kwenye bwawa unalovua, samaki wa pale watajificha, hilo ni kweli. Wenzangu waliniambia nirudi nyumbani. Usirudi. Panda juu, pita kona moja au mbili, vua huko kwa chambo kidogo cha nzi bandia, na jioni ushuke tena.

Mzee aliponiuliza basi samaki wamekwenda wapi, nilimpeleka ukingoni baada ya mvua kubwa. Trauti hutaga kwenye changarawe safi, maji baridi yapite katikati ya mayai. Mashamba ya viazi yamelimwa mpaka mtoni, udongo unashuka, unafunika changarawe, na mayai yanakosa hewa. Mikaratusi imepandwa mahali ambapo miti ya asili ilitia kivuli. Usiku kuna wanaopitisha nyavu za matundu madogo na kuondoka na vitoto. Hakuna kaa wala fisi maji aliyefanya hayo.

Sasa tumekubaliana na majirani wa sehemu yetu waache angalau mita 6 bila kulima, na wawili wamepanda matete na mianzi. Mwenye shamba kubwa kuliko wote bado anakataa. Jumamosi ijayo mzee na mimi tunakwenda kwake, na mzee ameniomba nilibebe lile gunia.